Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mgawa Vitanda

Kwa Mheshimiwa Mgawa Vitanda,
Treni ya Usiku, Mumbai hadi Goa.

YAH: SHUKRANI ZA DHATI KWA NUSU KITANDA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na mke wangu, watu wa Tanga, tulipanda treni yako Mumbai na mabegi yetu ya mgongoni, tukielekea Madgaon, stesheni wanakoshukia wengi wanaofuata fukwe za Goa. Tiketi zetu zilizaliwa katika orodha ya wanaosubiri, kisha kwa rehema zako zikapandishwa cheo hadi RAC. Kwa ndugu zetu wa nyumbani ambao hawajabahatika kufika huku, RAC ni daraja la abiria aliyeruhusiwa kusafiri lakini hajaruhusiwa kujinyoosha. Watu wawili hukalishwa kwenye kitanda kimoja cha chini, kile cha ubavuni mwa njia, na kila mmoja hulipa nauli kamili.

Hesabu hiyo tumeisujudia. Kwetu mwenye gesti akiuza kitanda kimoja kwa wateja wawili, kila mmoja kwa bei nzima, huitwa tapeli na huitiwa mgambo. Kwako, Mheshimiwa, huitwa utaratibu.

Usiku ule miguu ya mke wangu ililala kwapani mwangu. Yangu ilitokeza njiani, na kila muuza chai aliyepita aliijulia hali kwa birika lake. Kanuni zako zinasema kitanda cha kati kikunjuliwe kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, ili wenye vitanda wasisumbuane. Kanuni nzuri sana. Tuliisoma tukiwa tumekaa wima, tukiwatazama wanaohusika nayo wakikoroma.

Mkaguzi wa tiketi, kijana mwenye adabu, alitutia moyo: abiria asipotokea, kitanda chake kitakuwa chetu. Hapo ndipo ulipotuharibia tabia. Sisi tuliolelewa vizuri, tangu stesheni ya Panvel, kisha Chiplun, hadi Ratnagiri, tulikuwa tukiwaombea watu tusiowajua waachwe na treni. Wote waliwahi. Mmoja alipanda na bibi yake, wajukuu na gunia la maembe, na kila kitu katika msafara ule kilikuwa na kitanda. Hata gunia.

Reli yenyewe hatuilaumu. Waingereza walijenga reli karibu India nzima, lakini pwani hii ya Konkan tuliyopita, yenye mabonde, mito na mvua za kuporomosha milima, ilibaki bila njia ya treni. Kazi ilianza mwaka 1990 chini ya mhandisi E. Sreedharan, na mwaka 1998 njia nzima ikafunguliwa: zaidi ya kilomita 700, mahandaki zaidi ya 90, madaraja yapatayo 2,000. Handaki la Karbude peke yake linapita kilomita 6. Sasa tunauliza kwa unyenyekevu: watu walioweza kulitoboa jabali namna hiyo, godoro la pili limewashinda wapi?

Wala usidhani sisi ni wageni wa kuokotwa. Pwani yetu iliwahi kutawaliwa na Wareno kutoka hiyo hiyo Goa. Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, alipelekwa huko akiwa mtoto, akasomeshwa na mapadri, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuja kutawala kwa utii. Mwaka 1631 aliingia Ngome ya Yesu na kumuua kapteni wa Kireno. Sikutishi, Mheshimiwa. Nakukumbusha tu kwamba mtoto wa pwani yetu aliporudi kutoka Goa na kinyongo, yaliyofuata yameandikwa.

Goa yenyewe ni njema. Samaki wa mchuzi wa nazi alitufanya tudhani tuko nyumbani, na pale ufukwe wa Colva tulijinyoosha mchangani mchana kutwa, kila mtu na nafasi yake, bila mkaguzi.

Ombi letu ni moja: nusu kitanda, nusu nauli. Kama hilo ni zito, basi tupe mto mmoja, tutagawana wenyewe. Tafadhali lishughulikie mapema, maana Jumapili tunarudi Mumbai, na tiketi zetu ziko kwenye orodha ya wanaosubiri.

Wako mtiifu,
Abiria wa Upande wa Miguu