Namna ya Kumjengea Fundi Nyumba kwa Usukani Mmoja Mzito

Usukani wa gari lako umekuwa mzito. Kupaki Kariakoo sasa ni kazi ya kubeba zege, na ukifika nyumbani mabega yanakudai. Usihangaike. Fuata mwongozo huu kwa utiifu, na kabla mwaka haujaisha fundi wako atakuwa amefika kwenye lenta.

Kwanza kabisa, usiangalie tairi. Tairi za mbele zikipungua upepo usukani huwa mzito, na hiyo ni hatari kubwa kwa mradi wetu, maana dawa yake ni hela ya soda kwa fundi pancha. Epuka pia kile kibandiko kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kimeandikwa Kijapani, sawa, lakini namba zake zinasomeka: ukikuta 220, hizo ni kilopaskali, sawa na 32 hivi kwenye geji ya mtaani. Mtu akishajua hilo anaweza kupona siku hiyohiyo, na fundi akabaki na kiwanja kitupu.

Ukifika gereji, usieleze dalili. Tangaza ugonjwa: “Fundi, raki imekufa.” Yeye atatikisa kichwa kwa huzuni na kukubaliana nawe, kwa sababu mteja ni bosi. Chunga ulimi usije ukasema kwamba usukani unakuwa mzito gari likiwa sailensa tu, na ukikanyaga mafuta kidogo unalainika. Maneno hayo yanaelekeza kwenye pampu ya usukani au mkanda wake. Usiseme pia kwamba siku za mvua kunasikika kelele kali ukikata kona, kwani hiyo ni tabia ya mkanda uliolegea au kuchakaa, nao unateleza ukilowa. Na kama mlio ni wa kunguruma, unaopanda kadiri unavyozungusha, kaa kimya zaidi: huenda oili imepungua na pampu inavuta hewa.

Kuhusu oili yenyewe, kubali chochote kitakachomiminwa. Magari mengi ya Toyota yenye pampu hutumia oili ya giaboksi ya otomatiki, ile nyekundu. Honda wana oili yao, na kuwawekea nyingine ni kuzitafutia sili maradhi. Wewe usiulize. Ikipungua, ongeza, na wiki ijayo ongeza tena. Oili ya usukani haiungui kama petroli, ikipungua imevuja mahali, lakini ukianza kupapasa mipira ya mwisho wa raki na kukuta imejaa oili utakuwa umemaliza utamu wote. Raki inayovuja ikitunzwa vizuri kwa kuongezewa oili, inatosha kununua tofali za chumba kimoja.

Ila nafasi adimu imewekwa kwa wenye IST, Vitz na Passo. Mengi ya magari haya usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme. Hayana pampu ya usukani, wala kikopo cha oili hiyo chini ya boneti. Kwa hiyo fundi akikuambia oili ya usukani imeisha, lipa haraka kabla hajakumbuka. Asikushawishi mtu kuangalia kama taa ya EPS au P/S inawaka kwenye dashibodi, kama vichwa vya betri vimeshika kutu, kama fyuzi ni nzima, au kama altaneta inatoa volti 14 hivi injini ikiwaka. Umeme ukiwa dhaifu, usukani wa namna hii huwa wa kwanza kulalamika. Tena, ukiuzungusha mara nyingi gari likiwa limesimama, mota hupata moto na kompyuta hupunguza msaada mpaka ipoe. Fundi atakayekuwa amesimama dirishani wakati huo atalipwa kwa ugonjwa uliopona wenyewe.

Kuna kipimo kimoja cha kukwepa kwa nguvu zote. Gari likainuliwa mbele kwa jeki, likawekewa stendi, injini ikiwa imezimwa ufunguo ukiwa umefunguliwa, usukani ukazungushwa taratibu kwa mkono. Ukikwama au kugoma mahali, tatizo liko kwenye vyuma: boljointi iliyokauka, jointi ya shafti ya usukani, beringi ya juu ya shokapu, au raki yenyewe. Kazi ya dakika chache, nayo hutenganisha nusu ya kesi na nusu nyingine.

Sasa nunua raki ya mtumba Gerezani, usidai ile ya zamani, na ukimaliza usifanye alaimenti. Tairi zitalika upande mmoja, na fundi atapata hela ya bati.

Tusimwonee fundi, lakini. Mwambie mteja wa kawaida alipe elfu ishirini kwa kuangaliwa gari tu, bila kufungwa kitu kipya, uone atakavyofoka. Laki nne za raki anatoa huku anatabasamu. Fundi anauza kile ambacho tuko tayari kununua, na sisi hatujawahi kununua akili yake. Ukimlipa vizuri kwa kutafuta, hatakuwa na haja ya kubadilisha.

Mwongozo huu una mpaka. Usukani ukiwa mzito ghafla ukiwa barabarani, au ukikwama katikati ya kona, hapo hakuna mzaha. Kwenye magari mengi mkanda unaozungusha pampu ya usukani huzungusha na pampu ya maji, ukikatika injini inachemka. Shika usukani kwa mikono miwili, utageuka ingawa kwa nguvu, punguza mwendo, toka pembeni. Usizime injini gari likiwa linatembea, wala usichomoe ufunguo, usukani utajifunga. Likishasimama, zima, piga simu, uvutwe. Usijaribu kulifikisha gereji mwenyewe.