Ukumbi wa Mamilioni, Ukungu wa Mamilioni

Fundi wetu wa picha za harusi kanunua lenzi ya Canon RF ya milimita 50, f/1.2, gramu 950. Ile ya f/1.8, gramu 160, kaiona ya wanafunzi. Kwa bei iliyozidi mara kumi kapata mwanga kama mara mbili na robo; kumbe angemwomba tu mwenye ukumbi awashe taa.

“Lakini nyuma kunayeyuka!” Kweli, kunayeyuka. Mapambo yaliyochangiwa na kamati nzima, keki ya ghorofa tano, mashangazi na sare zao: ukungu mtupu. Akisogea hadi mita moja, pakali ni sentimita tatu hivi. Kope za bibi harusi zimo, hereni hazimo, na bwana harusi aliyesimama nyuma kidogo anaweza kuwa yeyote.

Stanley Kubrick alipiga baadhi ya sehemu za filamu ya Barry Lyndon (1975) kwa mwanga wa mishumaa, akitumia lenzi ya f/0.7 iliyotengenezwa kwa ajili ya NASA. Waigizaji wake walitulia. Hebu mwambie mama mzaa chema atulie wimbo wake ukipigwa.

Sasa fundi anaulizia ya f/0.95.