Kudakia Maneno Kati ya Embu na Meru

Waingereza husema "chime in" mtu anapotia neno lake katika mazungumzo ya wengine, mara nyingi akiunga mkono yaliyosemwa. Picha yake ni kengele inayolia kwa kupatana na nyingine. Akiingia kwa kukatiza, husema "butt in": kengele imegeuka beberu apigaye kichwa. Kiswahili hakikuona kengele wala beberu. Kilimwona anayedaka kitu hewani, kikasema kudakia. Kikamwona anayening'inia kwenye gari lililokwisha kuondoka, kikasema kudandia. Neno la adabu ni kuchangia, lilelile la harambee, ila mchangiaji wa maneno hatoi chochote mfukoni. Pengine ndiyo sababu hawaishi.

Darasa zuri la vitenzi hivi ni matatu ya Embu kwenda Meru. Kanuni za 2004 za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, zilileta mikanda ya viti na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Midomo haikufungiwa kitu.

Gari liko Runyenjes. Abiria wa kiti cha mbele anaiambia simu yake: "Nishafika Meru, naingia soko la Gakoromone." Papo hapo makanga anapaza sauti: "Runyenjes! Kuna wa kushuka?" Huko ni kudakia bila kukusudia, maana makanga hajui kama yumo mazungumzoni. Mzee wa kiti cha nyuma anakusudia kabisa. "Kijana, Chuka bado, Nkubu bado. Meru ni kesho!" Mama mwenye kuku mapajani anaitikia, "Kweli kabisa." Huyu haongezi habari, anaongeza sauti tu, na ndiye aliye karibu zaidi na ile kengele ya Waingereza. Kuku naye anatia lake; wanasarufi hawajampangia kundi.

Kipo kisa kimoja ambacho kudakia hukoma kuwa kudakia: mtu akialikwa. Simu inasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa dereva, "Hebu mpe huyo mzee." Mzee anaipokea, anasalimia, anauliza habari za mvua na bei ya maziwa, kisha anaeleza gari lilipo, kijiji kwa kijiji. Daraja la Mto Thuci linapitwa akiwa bado anaeleza. Kila mwenye simu anapofungua mdomo kujitetea, mzee anamwinulia kidole: watu wazima wakizungumza, asidakie.