Darubini Yenye Meno

Mke wangu ndiye aliyefungua mlango. Aliitazama nyusi yangu ya kulia, akaona mkato uliopinda na damu iliyoanza kuganda, akauliza, "Baba watoto, nani kakupiga?" Nikamwambia bunduki. "Ya nani?" Yangu. Alinyamaza kidogo, kisha akaenda chumbani kuwapigia simu dada zake. Kufikia Jumapili nusu ya Waswahili wa Columbus walikuwa na habari, kila mtu na toleo lake. "Pole shemeji," mmoja aliniambia kwenye maegesho ya magari, "ndoa ni kuvumiliana."

Jamani, ni darubini! Darubini ya bunduki haitaki jicho liiguse. Jicho linakaa nyuma ya kioo, kwa darubini nyingi kama sentimita 9, na hapo tu ndipo picha inapojaa duara zima. Muuzaji aliifunga mimi nikiwa nimesimama kaunta, kitako begani, kichwa wima. "Unaona?" Naona. Akakaza skrubu. Lakini shabaha ya mbali hupigwa mtu akiwa amelala kifudifudi, na ukilala hivyo shingo inanyooka, shavu linateleza mbele juu ya kitako, zile sentimita 9 zinayeyuka. Tena kadiri unavyokuza picha, ndivyo jicho linavyobanwa: sogea kidogo tu, giza linaingia pembeni, nawe unazidi kujongea kuitafuta picha. Nilikuwa nimekuza mara 24. Risasi ya .308 ikaenda mbele, bunduki ikarudi nyuma kama inavyostahili, na ukingo wa chuma ukatua kwenye nyusi.

Mzee mmoja wa klabu hakushtuka hata chembe. Alitoa plasta kwenye mfuko wa shati, mahali wenzake wanapochomeka kalamu. Alipoinama kunibandika niliona naye ana kovu, mahali palepale, la siku nyingi.

Na yule muuzaji nina neno naye. Mteja aliyenitangulia aliulizwa anapiga yadi ngapi, akilala au akikaa, anapenda mistari ya kulengea ya aina gani. Zamu yangu ilipofika niliulizwa, "Unaitakia nini?" Nikasema shabaha, yadi 1,000. Akaendelea kunitazama, kana kwamba jibu lenyewe lilikuwa bado linakuja. Nikatoa kadi ya klabu bila kuombwa. Nyusi itapona, kuitoa ile kadi bado kunaniuma. Aliyenitangulia alipata somo la nusu saa, mimi nikateremshiwa boksi lenye punguzo.

Ndani ya boksi mlikuwa na maajabu. Ulengaji hupimwa kwa pembe, na pembe zina vipimo viwili. Kuna dakika, yaani digrii moja ikigawanywa kwa 60: kwenye yadi 100 ni inchi moja na chembe, kwenye yadi 1,000 ni inchi kumi na nusu hivi. Halafu kuna mili, sehemu moja ya elfu ya umbali wowote ule: kwenye mita 100 ni sentimita 10, kwenye mita 1,000 ni mita nzima. Mtoto wa shule ya msingi anaikokotoa huku anatafuna muwa. Basi darubini yangu ilichorwa mili kwenye kioo, na vizungushio vya kurekebishia vikahesabu robo za dakika! Mili moja ni dakika 3.44. Kwa hiyo kioo kinakuonyesha risasi imepita mili moja chini, nawe umelala kwenye majani, sisimizi wameshaingia mikononi mwa shati, unazidisha 3.44 kwa nne, unapata 13.76, unazungusha tiki 14, na upepo umeshageuka. Kuna binadamu, tena mwenye mshahara, aliyekaa kiwandani akaidhinisha jambo hilo.

Mengine yalifuata. Kwenye yadi 1,000 risasi ya .308 huanguka kama mita 10, na vizungushio vikaishiwa njia, kwani darubini ilihitaji kufungwa juu ya reli iliyoinamishwa, na reli inauzwa peke yake. Saa sita mchana mazigazi yakapanda, shabaha ikacheza chakacha.

Nikaenda hivyohivyo Camp Perry, kwenye ufuko wa Ziwa Erie, ambako mashindano yamekuwa yakifanyika tangu 1907. Kundi letu wenye darubini huitwa F-Class, na hiyo F ni ya Mkanada George Farquharson, aliyetaka wapigaji walioishiwa nguvu za macho waruhusiwe darubini na kiegemeo. Pembeni yangu alikuwepo bibi mwenye mvi kichwa kizima, anapiga mtindo wa Palma: .308 kama yangu, yadi zilezile 1,000, bila darubini, anachungulia kwenye kitundu cha chuma. Alinipita kwa pointi nisizozitaja hapa. Alipomaliza kukunja mkeka akaja kuitazama bunduki yangu, akauliza ile darubini nimeinunua kiasi gani.

Nikamwambia nimepewa zawadi.