Farumi Aliyelipa Nauli

Fulana nimeifua mara tatu na bado inanuka kaimati. "Farumi, sogea joshini!" alipiga ukelele nahodha juzi, tulipokuwa tunatoka kwenye mlango wa bahari pale Shela, Lamu, nami nikageuka kumtafuta huyo Farumi ni nani. Watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama mimi. Farumi ni uzito wa kutuliza chombo: mawe, mifuko ya mchanga. Na kumbe kilo zangu 94.

Nikapanda ukingoni upande wa upepo, kando ya mifuko wenzangu. Upepo wa kusi unavuma, maji yanapwa, na hapo ndipo penye kisa. Miaka yote nilidhani wimbi ni maji yanayosafiri. Sivyo. Tupa nazi baharini: itapanda, itasogea, itashuka, itarudi karibu palepale. Maji yanazunguka tu. Kinachosafiri ni ule mpando. Tena wimbi lina kikomo: kimo chake kikikaribia sehemu moja ya saba ya urefu wake, kilele hadi kilele, linavunjika. Sasa maji yanayopwa yakitoka mlangoni yakakutana na kusi uso kwa uso, mawimbi hubanwa kama abiria wa matatu: yanafupika, na kwa kuwa hayana pa kwenda, yanasimama. Wimbi refu la mita moja na nusu hukubembeleza ukalala. Fupi la kimo hichohicho hulegeza mbao. Nahodha halipi wimbi hilo ubavu, hata kidogo. Hulikata mshazari, akalegeza tanga kileleni, akalikaza bondeni. Nilitazama mkono wake kwenye kana ya usukani nikasahau kuogopa, dakika tano nzima.

Kisha kigegezi kikanijia.

Mtoto yeyote wa Lamu anajua kwamba mtu hutapikia demani, upande unakoelekea upepo, ukamchukulie. Nikainuka.

"Kaa! Wataka kutupindua?"

Farumi haondoki. Basi nikatapikia joshini, na kusi, kwa uaminifu mkubwa, ikanirudishia karibu zote, na zilizobaki ikampelekea mama mmoja wa buibui aliyekuwa ameketi demani. Ndiye aliyenigawia kaimati tulipong'oa nanga. Alizitambua.

Safari ya kurudi nilipoteza kiatu. Jana niliteleza gatini, kabla hata sijapanda chombo.

Lakini kuna jambo sijaweza kulicheka. Jaketi za kujiokolea zilikuwa tatu, zimefungwa kwa kamba chini ya magunia ya saruji kule omoni, na ndani ya chombo mlikuwa na watoto wawili. Nilipouliza niliambiwa hizo ni za kumwonyesha askari. Yaani zipo ili zionekane, sisi tuzame.

Nahodha, mifuko ya mchanga husafiri bure. Nirudishie nauli yangu, au uwanunulie jaketi wale watoto.