Ukarabati Unaendelea: Mhadhara kwa Wasio na Subira

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye taarifa zinasema ameshafika Usa River, waheshimiwa mliotangulia, wataalamu wenzangu, kama mpo, machalii wa Chuga mliofuata soda, mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa.

Mimi ndiye mtaalamu pekee, kuanzia Kisongo hadi Ngurdoto, wa Elimu ya Ukarabati Usiokamilika. Shahada yangu sikupewa na chuo, kwa sababu chuo chenye uwezo wa kunitahini bado hakijamaliza kupakwa rangi. Nilijitunuku mwenyewe, kwa kauli moja. Tangu hapo nimeombwa ushauri na watu wengi, hasa na jirani yangu, ambaye sasa hanisemeshi.

Nianze kwa kusahihisha kosa la kielimu linalofanywa na walipa kodi. Mlipa kodi hudhani ukarabati una mwisho: fundi anakuja, anaziba, anaondoka, tunasahau. Upuuzi. Ukarabati ni makazi. Watu huajiriwa humo, hupanda vyeo humo, hustaafia humo, na siku ya kuwaaga hupewa zawadi ya saa ya ukutani, ambayo ukuta wa kuitundika bado unasubiri lipu.

Chukueni bustani moja ya michezo ya watoto, sitaitaja jina, iko nje kidogo ya mji upande ambao nao sitautaja. Bembea zake zilifungwa kwa ajili ya matengenezo. Kitreni cha watoto kikafungwa. Bwawa likakaushwa, likaja lori la mchanga na lori la kokoto, na mirunda ikasimikwa kuzunguka kibanda cha kukatia tiketi, ambacho bati zake zilikuwa zimeanza kuvuja. Bango likawekwa langoni: SAMAHANI KWA USUMBUFU, UKARABATI UNAENDELEA. Masika yakapita. Vuli ikapita. Mirunda, kwa kuwa ilikatwa mibichi, ikachipua majani. Bango likafifia hata lisisomeke. Hapo uongozi haukulala! Fundi rangi aliitwa, akafika siku hiyo hiyo, akaliandika bango upya kwa herufi nyekundu zenye kivuli. Yaani katika bustani nzima, kitu pekee kilichokarabatiwa kwa wakati na kwa ubora ni tangazo la ukarabati. Watoto nao waligundua kwamba rundo la mchanga lina mteremko mzuri kuliko mtelezo uliofungwa. Kiingilio hakikupunguzwa hata shilingi.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Vizazi vyote vimeisoma methali hii kama onyo. Mimi, baada ya utafiti mrefu nilioufanya nikiwa nimeketi, nimebaini kwamba ni mpango kazi. Tafakarini. Nani kati yenu amewahi kualikwa kwenye hafla ya kuziba ufa? Mgeni rasmi gani ametoka Dodoma na msafara kuja kuzindua gata la kukinga maji ya mvua? Ufa hauna utepe. Ukuta unao, tena una jiwe la msingi lenye jina lililochongwa, una ngoma, una picha ya pamoja. Hata kwenye vitabu vya bajeti viwili hivi havikai ukurasa mmoja. Ukuta mpya uko kwenye fedha za maendeleo, zinazosomwa kwa sauti ya juu. Ufa uko kwenye matumizi mengineyo, umebanana na chai, karatasi na mafuta ya gari. Na siku kifungu kinapopungua, chai haiguswi. Kwa hiyo mwenye busara hauzibi ufa wake. Huulinda. Huuundia kamati, huupiga picha, huusubiri ukomae. Ufa ulioiva huzaa ukuta, na ukuta huzaa utepe.

Kamati hiyo nimeiona ikifanya kazi katika ofisi moja ambayo nitaiacha bila jina kwa heshima ya chai niliyokunywa pale. Fundi wa kwanza alikuja na futikamba, akapima ufa, akaondoka. Wa pili akaja kupima alichopima wa kwanza. Likaandikwa dokezo. Dokezo likapanda kwa mhandisi, likashuka kwa mhasibu, likavuka hadi manunuzi, likarudi kwa sababu kipimo kilikuwa cha zamani na ufa ulikuwa umeshakua. Posho za vikao zilipojumlishwa zingetosha kununua saruji ya kuziba ufa ule, wa jirani, na wa msikiti wa ng'ambo. Lakini saruji haisaini mahudhurio.

Wenye haraka husema huu ni uzembe. La hasha, ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali yetu hufunguliwa 1 Julai na kufungwa 30 Juni. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei. Basi paa huvuja Aprili, wakati kifungu kimebaki makombo. Mei linaandikwa dokezo. Juni kila mwenye fedha anakimbizana nazo zisirudi Hazina, hakuna wa kusikiliza paa. Julai mwaka mpya umeanza, fedha hazijaingia, na isitoshe mvua imekata, paa halivuji tena: nani atasimama kikaoni kutetea paa lisilovuja? Fedha zikija kuingia, vuli nayo imeingia, na fundi hawezi kupanda juu ya bati lenye utelezi. Mmeona? Hakuna aliyezembea. Kila mmoja alikuwa sahihi katika mwezi wake.

Maabara yangu kwa nadharia hii ni viwanja vya Nanenane vya Themi, kule Njiro. Maonesho ya kanda yetu ya kaskazini huanza 1 Agosti na kufika kilele tarehe 8. Hesabuni wenyewe: kutoka kufunguliwa kwa mwaka wa fedha hadi kufunguliwa kwa maonesho ni siku 31, za kuyatengeneza majengo yaliyokaa karibu mwaka mzima yakitazamana na popo. Ndiyo maana banda la maonesho, popote pale nchini, hukarabatiwa kwa rangi. Rangi haiulizi kama boriti imeliwa na mchwa. Ukibandua kipande cha ukuta wa banda kongwe, matabaka yamepangana kama pete za mti, na unaweza kuhesabu limeona Nanenane ngapi. Mimi mwenyewe niliwahi kuegemea banda moja asubuhi ya ufunguzi nikiwa na koti la khaki. Hadi leo, mgongoni, ni la kijani.

Sasa wapinzani wangu, ambao tatizo lao ni wivu, hupenda kunipeleka Boma. Huuliza: mbona Wajerumani walilijenga Boma la Arusha kati ya 1899 na 1900 tu, na kuta zake bado zimesimama, na tangu 1987 ndani yake mna makumbusho ya historia ya asili? Swali zuri. Jibu lake ni baya. Boma lile lilijengwa na Waarusha na Wameru walioswagwa kwa nguvu, baada ya vita vya adhabu vilivyofuata kuuawa kwa wamisionari wawili pale Akeri mwaka 1896. Hapakuwa na mgogoro wa malipo kwa kuwa hapakuwa na malipo. Wajerumani hao hao, kwao, ambako fundi hula jasho lake, walianza kujenga Kanisa Kuu la Köln mwaka 1248, wakasimamisha kazi karibu karne tatu huku winchi ikiwa imeachwa juu ya mnara, wakamaliza 1880. Anayesifia kasi ya Boma akumbuke ni migongo ya nani iliyoibeba.

Wala msidhani kuchelewa ni kipaji chetu peke yetu. Disneyland, ile bustani ya starehe iliyofunguliwa Julai 1955 kule Anaheim, California, ilikamilisha sehemu ya nje ya jumba lake la mizimu mwaka 1963. Jumba likapendeza, wageni wakawa wanapita wakilitazama kwa nje. Mlango ulikuja kufunguliwa Agosti 1969. Tofauti ni kwamba wenzetu walihangaika kutengeneza mizimu kwanza, ndipo wakafungua. Majengo yetu yakifungwa muda wa kutosha, mizimu huhamia yenyewe.

Tena sisi wa Arusha, ambao tangu ziara ya Bill Clinton mwaka 2000 tunatamba kwamba mji huu ni Geneva ya Afrika, tunao mfano mkubwa kuliko wa Disneyland. Majengo ya kituo chetu cha mikutano ya kimataifa, AICC, na mabawa yake matatu ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, yalikusudiwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Nyumba ilibaki nzima, akabomoka mwenye nyumba! Ukarabati wa Jumuiya ulichukua zaidi ya miaka ishirini: mkataba mpya ulisainiwa hapa hapa mjini 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika Julai 2000, na jengo jipya la makao makuu likazinduliwa 2012. Sikusikia mtu akilalamika kwamba mafundi wamechelewa. Vikao vyao vilikuwa na hoteli.

Na mkitoka nje tazameni juu, kama mawingu yataruhusu. Mlima Meru wenyewe ni saiti. Ukuta wake wa mashariki uliporomoka takribani miaka 8,000 iliyopita, mawe na tope vikateremka hadi Momella. Baadaye mlima ukaanza kujikarabati kwa nguvu za ndani, bila mfadhili wala mzabuni, ukainua koni ya majivu katikati ya kreta. Kazi ya mwisho ilionekana mwaka 1910. Tangu hapo fundi hajarudi saiti, na watalii wanalipa kwa dola kupanda kwenda kutazama kazi iliyoachwa njiani. Nimeshapeleka pendekezo kwamba na mirunda yetu ya mjini ikatiwe tiketi. Wamenijibu kwamba limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Nina mwanafunzi mmoja kutoka Unguja ambaye kila nikifika hapa hunyoosha mkono na kutaja Beit al-Ajaib. Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883. Mwaka 2012 kona yake moja iliporomoka, wageni wakazuiwa kuingia. Ikafuata mipango, zikatafutwa fedha za Oman, kazi ikaanza, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, mnara na upande wa mbele vikaanguka. Watu wawili waliokuwa kazini walikufa. Nimejaribu kuliingiza jumba lile kwenye nadharia yangu ya ufa ulioiva, na haliingii. Ishara ilitolewa miaka minane kabla. Huyo mwanafunzi huwa simjibu, ninakunywa maji na kugeuza ukurasa.

Nageuza ukurasa. Kuna dawa moja tu iliyothibitika kuharakisha kazi, nayo ni mgeni. Uwanja wa Olmoti, wa watazamaji 30,000, una tarehe kwa sababu AFCON ya 2027 ina tarehe, na kwa sababu Kenya na Uganda, wenyeji wenzetu, wanatuchungulia. Uwanja wetu wa zamani, uliobeba jina la Sheikh Kaluta Amri Abeid, mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, hauna tarehe. Una heshima tu, na heshima haijawahi kununua mfuko wa saruji. Barabara ya vumbi inayolalamikiwa miaka yote hupigwa greda usiku mmoja ikisikika kwamba msafara utapita. Kingo za lami hupakwa chokaa hata pale ambapo lami imekwisha na kilichobaki ni kingo. Kwa ushahidi huo nashauri kila jengo la umma lipangiwe mgeni wa uongo. Choo cha zahanati kitangaziwe balozi kila Machi. Darasa linalovuja liambiwe waziri yuko Makuyuni. Si lazima balozi afike. Wengi wao hawafiki, na chokaa hubaki.

Nilikuwa nimefikia tamati, lakini kuna fundi mmoja pale nyuma, mwenye ovaroli, amenyoosha mkono tangu nilipotaja gata. Haya, fundi, sema, kwa kifupi.

Mmemsikia? Anasema gata likizolewa majani na maua ya mijakaranda kila Februari, kabla ya masika, maji hayarudi ukutani na ufa hauanzi. Anasema ni kazi ya asubuhi moja, ngazi na ndoo. Mabibi na mabwana, hivi ndivyo taaluma zinavyouawa! Asubuhi moja! Kamati itakaa saa ngapi? Posho italipwa kwa kifungu kipi? Mwenye futikamba ale wapi? Na Mgeni Rasmi, ambaye naambiwa sasa yuko Tengeru, tumwambie amekuja kukatia nini utepe, ndoo?

Fundi, nakuomba kwa heshima utoke ukumbini. Ngazi iache hapa mbele. Taa iliyo juu ya kichwa changu haijawaka tangu mwaka wa fedha uliopita.