Jinsi ya Kwenda Malta kwa Daladala

Kwanza, weka chini simu yenye picha za majabali ya Mediterania. Lile tao la mawe la Azure Window, kisiwani Gozo, Malta, lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017, siku ya dhoruba. Nauli ya ndege uliyokuwa ukiidunduliza iache benki, utoe ya daladala ya Masaki tu. Aliyeamkia Mbagala na aliyeamkia Tegeta wakutane Coco Beach, Dar es Salaam, kwenye mwamba wetu wa matumbawe.

Lakini usitoke nyumbani kabla ya kuuangalia mwezi. Mediterania maji hupanda na kushuka kidogo mno, kwa hiyo mgeni huenda saa yoyote akaukuta mwamba uleule. Kwetu, siku za bamvua, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Ukija mwezi mpevu saa 10 jioni, utayakuta mawimbi yanaupiga mwamba kifuani na hakuna pa kukanyaga. Siku hiyohiyo, kwenye saa 4 asubuhi, bahari ilikuwa imejitenga na kukuachia uwanja mzima. Kila siku inayofuata ongeza kama dakika 50. Wanaochokoa pweza wana hesabu hii kichwani, basi uliza kwa adabu: “Shikamoo mama, maji yanarudi saa ngapi?” Akikwambia toka, toka.

Vaa raba. Ndala kwenye mwamba huu ni ugomvi na visu.

Sasa inama, usogeze uso karibu na jiwe. Vile vijitundu vilivyopangika kama nyota vilikuwa vyumba vya matumbawe hai, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu. Mawimbi nayo yameendelea kuula kwa chini, ndiyo maana juu umejitokeza na kuning'inia. Usipande ukingoni kupiga selfi: hata tao la Gozo lilikuwa chokaa iliyoliwa na bahari. Mimi naupenda sana mwamba huu, na huniuma kukuta chupa za plastiki zimesokomezwa kwenye matundu yake. Njoo na mfuko, uondoke nao umejaa.

Njaa ikikubana, kula mihogo ya kukaanga kwa kachumbari na pilipili. Usibane matumizi hapo, agiza sahani ya pili.

Ukiwa bado na hamu, safari nyingine nenda Kunduchi, upande boti hadi Mbudya. Kisiwa hicho ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Lipa kiingilio bila kunung'unika, ogelea, tazama jinsi kingo zake zilivyochimbwa na maji. Na lile tumbawe ulilolitia mfukoni ukidhani hakuna aliyekuona, lirudishe kabla nahodha hajawasha mashine.